Mkono Utoao na Akili Ipokeayo

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Walimsifu atoaye, wakamfundisha asingoje mali nyingi ndipo atende wema. Juu ya kupokea hawakutuachia neno lililoenea kiasi hicho. Labda waliona kupokea ni jambo jepesi lisilohitaji mafunzo. Mimi naona ni jambo zito, na uzito wake huzidi wakati kitolewacho si chakula wala nguo, bali ni elimu. Apewaye wali hushiba akashika njia yake, na kesho huamka mtu yule yule aliyelala jana. Apewaye elimu haamki mtu yule yule. Macho yake huona lisiloonekana jana, na ulimi wake hutamka neno usilolijua jana. Kwa kuwa elimu humgeuza mtu, ni haki yake kumjua amgeuzaye.

Nataka kunena habari ya mali iliyotolewa, tangu kwisha kwa vita kuu ya pili ya dunia, kwa ajili ya kufundishana utamaduni na uraia baina ya ng'ambo mbili za Bahari ya Atlantiki, yaani Ulaya na Marekani. Huenda msomaji akauliza: bahari hiyo si yetu, na fedha hizo si zetu, basi twazitajia nini? Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, tendo lenyewe tunalo jina lake la siku nyingi katika lugha yetu. Pili, mkondo wa mali hiyo haukukoma Ulaya. Ulifika hata kwetu, ukapita katikati ya fasihi yetu, kama nitakavyoonyesha.

Jina la tendo hilo ni wakfu. Watu wa pwani wanaujua wakfu tangu enzi za mababu. Mtu mwenye shamba la minazi, nyumba au kisima huitoa mali yake katika milki yake, akaifunga: isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi. Shina hubaki, na mazao yake hutumika kwa jambo alilolitaja, kama vile mafuta ya taa za msikiti, chakula cha mafukara, posho ya mwalimu wa watoto, au maji ya wapita njia. Ukiutazama wakfu kwa makini utaona nguzo tatu. Mali hufungwa, ili isitegemee furaha au hasira ya siku moja. Nia hutajwa hadharani, ili watu waijue. Na msimamizi huwekwa, ili awepo wa kuulizwa hesabu. Taasisi za Ulaya na Marekani ambazo leo sisi pia twaziita wakfu zina umbo hilo hilo: mtaji, hati, na bodi. Basi nitazichukua nguzo hizi tatu kuwa mizani, niyapime matendo ya wenzetu kwa kipimo ambacho si cha kuazima.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, Ulaya ilikuwa magofu. Madaraja yalikuwa yamevunjika, na shule nyingi zilikuwa hazina paa. Lakini kilichovunjika zaidi ni imani ya mtu kwa mtu. Marekani ilikuwa imeacha ng'ambo shehena kubwa ya vifaa vya vita visivyotakiwa tena, na kuvirudisha nyumbani kulikuwa gharama tupu. Seneta J. William Fulbright wa jimbo la Arkansas alitoa shauri ya kuwa vifaa hivyo viuzwe huko huko viliko, na malipo yake yatumike kupeleka wanafunzi na walimu ng'ambo na kuwaleta wengine Marekani. Rais Harry Truman aliitia sheria hiyo saini tarehe 1 Agosti 1946, na mwaka 1952 Ujerumani ya Magharibi ikaingia katika mpango huo. Ulikuwa mpango wa serikali, haukuwa wakfu; lakini wazo lake linastahili kukumbukwa. Gari lililobeba askari liligeuzwa nauli ya mwanafunzi. Ni mara chache chuma cha vita kimepata mwisho mwema kama huo.

Mwaka uliofuata, 1947, jambo dogo lilitendeka katika mji wa Salzburg, nchini Austria, na kwangu udogo wake ndio uzuri wake. Watu watatu wa chuo kikuu cha Harvard, majina yao Clemens Heller, Richard Campbell na Scott Elledge, waliona ya kuwa mkate peke yake hautawaponya vijana wa Ulaya. Hawakuwa matajiri: wawili walikuwa wanafunzi na mmoja alikuwa mwalimu kijana. Walichangisha fedha, wakatafuta nyumba, wakaipata. Nyumba hiyo ilikuwa Leopoldskron, kasri iliyokuwa makao ya Max Reinhardt, bingwa wa michezo ya kuigiza. Reinhardt alikuwa Myahudi. Wanazi walimnyang'anya kasri yake mwaka 1938, naye akafa uhamishoni mjini New York mwaka 1943. Mjane wake, Helene Thimig, ndiye aliyekubali kasri hiyo itumike kwa masomo. Wengi husimulia habari ya Salzburg wakawataja vijana wa Harvard, wakamsahau mama huyu. Mimi namweka mbele. Waliotoa fedha walitoa walichokuwa nacho. Yeye alitoa kitu ambacho dhuluma ilikuwa imekigusa, akakiacha kitumiwe na watoto wa mataifa yote, na miongoni mwao watoto wa mataifa yaliyodhulumu.

Katika kasri hiyo walikusanyika vijana wa nchi zilizokuwa zimepigana miaka miwili tu nyuma. Walisoma fasihi ya Marekani, uchumi wake na maisha ya watu wake. Miongoni mwa walimu alikuwamo Margaret Mead, bingwa wa elimu ya mila za wanadamu, na F. O. Matthiessen, mwanachuoni wa fasihi. Matthiessen alikuwa msoshalisti wa Kikristo, na hakuwa mtu wa kuficha makosa ya nchi yake. Neno hili ni kubwa. Waliokwenda kuifundisha Marekani hawakwenda kuitia rangi. Baadaye mashirika makubwa ya Marekani yaliutia nguvu mradi huo kwa fedha, na shule ya majira ya joto ikawa taasisi ya kudumu iliyo hai hata leo.

Mfano wa pili unakwenda kinyume na mawimbi ya wa kwanza, kwa maana ulitoka Ulaya kwenda Marekani. Tarehe 5 Juni 1947, George Marshall, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alisimama Harvard akatangaza nia ya kuisaidia Ulaya isimame tena. Kutoka mwaka 1948 hadi 1952 msaada huo ulifikia dola bilioni 13 hivi. Ilipotimia miaka 25 kamili, tarehe 5 Juni 1972, Willy Brandt, Kansela wa Ujerumani ya Magharibi, alisimama katika chuo kile kile akatangaza zawadi ya shukrani: marki milioni 150, zitakazolipwa kwa muda wa miaka 15, ili kuanzisha taasisi ijulikanayo kwa jina la German Marshall Fund of the United States. Mtu aliyefanya kazi kubwa katika kulileta jambo hilo alikuwa Guido Goldman, mwalimu wa Harvard, mtoto wa jamaa ya Kiyahudi iliyoikimbia Ulaya ya Hitler. Taasisi iliwekwa Washington mikononi mwa Wamarekani, iwe huru katika shauri zake. Serikali iliyotoa fedha haikujiwekea ufunguo wa sanduku.

Nimevutwa na tendo la Brandt kwa sababu hii. Mdeni wa kawaida hulipa deni kwa mdai wake, mambo yakaisha. Yeye hakulipa, alipanda mti katika ua wa mdai, akasema matunda yake yawe ya nyumba zote mbili. Sisemi Ujerumani haikuwa na haja yake. Nchi iliyogawanywa, yenye jeshi la adui mpakani, ilihitaji rafiki asiyesahau. Lakini haja hiyo haikufichwa. Ilisemwa hadharani, kwa tarehe, kwa kiasi na kwa jina. Asiyependa aliweza kupinga, na aliyependa alijua alichokipenda.

Sasa natoka kwenye wazi naingia kwenye siri. Mwezi wa Juni 1950, katika Berlin ya Magharibi, waandishi na wanafalsafa wa Ulaya na Marekani walikutana wakaunda Kongamano la Uhuru wa Utamaduni. Makao yake yalikuwa Paris. Lilitegemeza majarida yaliyopendwa na wasomi, kama vile Preuves la Paris na Encounter la London, ambalo lilianza mwaka 1953 chini ya mshairi Stephen Spender na Irving Kristol. Lilifanya mikutano, maonyesho na tamasha za muziki, na neno lililokuwa midomoni mwa wote ni uhuru. Fedha zilisemekana kutoka kwa matajiri wakarimu na wakfu zao, na mojawapo iliitwa Farfield. Vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda alijulikana magazeti ya Marekani yalipofichua mambo mwaka 1966 na 1967. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ya shirika la ujasusi la Marekani, CIA, na wakfu wa Farfield ulikuwa mfereji wa kuzipitishia. Spender alijiuzulu mwaka 1967. Kongamano likabadili jina, likaendelea kwa fedha za wakfu wa Ford, lakini heshima yake ya kwanza haikurudi.

Hapo ndipo mkondo unapofika kwetu. Mwezi wa Juni 1962, waandishi wa Afrika walikutana katika chuo cha Makerere, Kampala. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Ezekiel Mphahlele, na kijana mwanafunzi wa chuo hicho ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Mkutano huo ulifadhiliwa na Kongamano nililolitaja. Lilisaidia pia jarida la Transition, ambalo Rajat Neogy alilianzisha Kampala mwaka 1961, na nyumba ya utamaduni ya Chemchemi mjini Nairobi, ambayo Mphahlele aliianzisha mwaka 1963. Mkutano wa Makerere uliitwa wa waandishi watumiao Kiingereza. Mwezi uo huo, Shaaban Robert, ambaye kalamu yake ilikuwa imekwisha kuijaza lugha ya Kiswahili mashairi, insha na hadithi, aliiaga dunia. Hata kama angekuwa mzima wa afya, mlango wa mkutano haukuwa na kipimo cha kumwingiza. Ngũgĩ aliyakumbusha hayo katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya kuikomboa akili.

Nataka nieleweke vyema. Si lazima jasusi yeyote awe ameamuru Kiswahili kiachwe nje. Jambo hilo halihitaji amri. Karamu hupikwa kwa ladha ya apikaye, na mgeni aliyekaribishwa aghalabu haulizi kwa nini jirani yake hakualikwa. Lakini kama mpishi angejulikana, swali hilo lingeulizwa mapema. Lingeulizwa ukumbini Kampala, siku ile ile, na waandishi wenyewe ambao hawakukosa akili wala ujasiri. Siri iliwanyima nafasi ya kuuliza. Neogy, ambaye jarida lake lilimkosoa kila mtu, alijikuta mwaka 1967 akitiliwa shaka kwa fedha ambazo hakuijua asili yake. Na mwaka 1968 serikali ya Uganda ilimtia kizuizini kwa maandishi ya jarida lilo hilo. Mtu huyu aliyesumbuliwa kwa sababu ya uhuru wa kalamu alikuwa ametiliwa doa na watu waliodai kuutetea uhuru huo.

Hapa mtu wa dini atanikabili kwa hoja yenye nguvu. Atasema: hukufundishwa ya kuwa sadaka bora ni ile ya siri, ambayo mkono wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia? Uislamu na Ukristo hukubaliana juu ya jambo hili. Basi kwa nini waitukuza zawadi ya tarumbeta ya Brandt, ukailaumu ile iliyotolewa kimya kimya?

Nimeifikiri hoja hii kwa muda mrefu, na jibu nililolipata ndilo kiini cha insha hii. Siri ya sadaka ipo kwa ajili ya kumsitiri apokeaye, asione haya, na kumzuia atoaye asijivune. Siri ya wakfu wa Farfield ilikuwapo kwa ajili ya kuisitiri nia ya atoaye. Siri ya kwanza humwachia maskini heshima yake. Ya pili humwondolea msomi hiari yake. Tena, sadaka huenda tumboni, na elimu huenda akilini. Tumbo halina haja ya kumjua mpishi; chakula chema ni chema hata kikipikwa na adui. Akili haiwezi kulipima neno sawasawa mpaka imjue anenaye na akitakacho. Mtu akikuambia bei ya mnazi, huyapima maneno yake kwa njia moja akiwa mnunuzi, na kwa njia nyingine akiwa muuzaji. Ukimficha, umevunja mizani ya msikilizaji.

Kuna hoja nyingine, nayo haistahili kudharauliwa. Wapo wasemao: yatazame matunda. Insha nzuri zilizochapishwa na Encounter hazikugeuka kuwa mbaya siku ile siri ilipofichuka, na waandishi waliokutana Makerere waliandika vitabu ambavyo leo twavisomesha. Ni kweli, na ningekuwa mwongo kama ningekana. Dhahabu iliyookotwa matopeni ni dhahabu. Lakini hasara ya siri haipimwi kwa kilichoandikwa tu. Hupimwa pia kwa kile ambacho hakiwezi kusemwa tena bila ya kutiliwa shaka. Tangu mwaka 1967 kila dhalimu alipata silaha ya bure. Mwandishi yeyote akidai haki, hujibiwa ya kuwa amelipwa na wageni. Na kwa kuwa jambo hilo liliwahi kutendeka, jibu hilo huonekana kama kweli hata liwapo uongo. Waliojificha waliazima uaminifu wa watu wa baadaye, nao hawapo leo kulilipa deni lao.

Nguzo ya mali kufungwa ina somo lake pia. Mwaka 2003, mjini Belgrade, ulianzishwa mfuko wa kuvisaidia vyama vya raia katika nchi za Balkani, ambazo zilikuwa zimetoka katika vita vya kuuana majirani. Walioshirikiana kuuanzisha ni German Marshall Fund, wakfu wa Charles Stewart Mott, na USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Wawili wa kwanza ni taasisi zenye mali yake. Wa tatu aliishi kwa bajeti ya kila mwaka, na mwaka 2025 serikali ya Marekani ilimvunja, ikahamishia kazi chache zilizosalia katika Wizara ya Mambo ya Nje. Miradi katika nchi nyingi, za kwetu zikiwamo, ilikatika kama uzi. Sikusudii kuihukumu siasa ya nchi ya watu. Nasema tu ya kuwa elimu ya uraia huhesabiwa kwa vizazi, na fedha za bajeti huhesabiwa kwa miezi. Anayemtwika mtoto wa mwaka mzigo wa miaka hamsini asistaajabu mzigo ukianguka.

Mambo haya hayakubaki vitabuni kwangu. Miaka michache iliyopita idara yetu ililetewa barua na wakfu mmoja wa Ulaya, ukitaka kugharimia vikundi vya wanafunzi vya kusoma na kujadili maandishi ya uraia kwa Kiswahili. Mwenzetu mmoja, mtu mwenye msimamo, alisema turudishe barua kama ilivyokuja. Mwingine, mwenye kuijua rafu ya vitabu ya maktaba yetu ilivyo tupu, alisema mkono mtupu haulambwi, tupokee tusiulize. Mimi niliomba tuulize maswali matatu ya wakfu: mali imetoka wapi, nia ni ipi kwa maandishi, na nani atakayeshika hesabu na shauri? Mawili yalijibiwa vizuri. Kwa la tatu, wafadhili walitaka orodha ya vitabu iidhinishwe kwao kwanza. Tuliandika kwa adabu ya kuwa fedha ni zao na masomo ni yetu. Walikubali, lakini kiasi walichoahidi kilipungua zaidi ya nusu. Tulianza na vitabu thelathini badala ya mia moja, na wanafunzi walichanga kwa ajili ya nakala zilizopungua. Wapo wanaoamini mpaka leo ya kuwa tulipoteza, na siwezi kuwaambia ya kuwa vitabu sabini ni kitu kidogo.

Katika kikundi hicho, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, yawezekana mtu akanilipia karo ya kujifunza namna ya kumkatalia?" Wenziwe walicheka, lakini swali lilikuwa bora kuliko mengi niliyoyasikia katika mikutano ya wakubwa. Nilimjibu ya kuwa yawezekana, na ya kuwa hicho ndicho kipimo. Matthiessen alikwenda Salzburg akaisema nchi yake, na kasri haikufungwa. Brandt aliwapa watu wa nchi nyingine mali nyingi, akawaachia ufunguo. Atoaye elimu huku akiogopa kukataliwa hajatoa elimu. Amekopesha sauti yake katika kinywa cha mwingine.

Basi nchi changa na lugha changa katika elimu ya juu zisione haya kupokea, maana hata Ulaya yenye vyuo vya karne nyingi ilipokea. Tena zisichoke kuuliza, maana swali si utovu wa adabu mbele ya mkarimu wa kweli. Mkarimu hufurahi kuulizwa. Mwenye hila ndiye huona swali ni tusi. Na pale tuwezapo, tuchange chetu, japo ni kidogo kama walivyochanga wale vijana wa Harvard, kwa kuwa mwenye kuweka senti yake mezani hupata kiti chake katika shauri. Mkono utoao hupata thawabu yake kwa Mungu. Akili ipokeayo haina budi kulinda yake yenyewe.